Mashine ndogo za jua za kuondoa chumvi Lamu na Malindi: ipi inunuliwe, na sheria inaibeba au inaiangusha wapi

Kamati ya maji kisiwani Pate, mwenye nyumba ya wageni Manda na zahanati ya Ngomeni wana shida moja. Maji wanayo, ila hayanyweki. Jabia, matangi ya kuvunia mvua, hukauka msimu wa upepo wa kaskazi ukikaza, visima vya matumbawe huchachuka, na bomba la Baricho likipasuka hata Malindi mjini watu hurudia visima vya chumvi. Wauzaji wa mashine za jua za kuondoa chumvi wanajua hayo na bei zao zinapishana sana. Tathmini hii inahusu mashine za lita 500 hadi lita 10,000 kwa siku. Tumeipima sera ya taifa la Kenya pamoja na pampu na membreni (utando unaochuja chumvi), kwa sababu sera ndiyo inayoamua bei ya kila kipande, nani anaruhusiwa kukifunga, na maji yenye chumvi kali yamwagwe wapi.

Hukumu yetu kwa ufupi: mashine ya maji ya kisima chenye chumvi ya wastani, nunueni. Mashine ya maji ya bahari, nunueni tu ikiwa na kifaa cha kurejesha nguvu na mkataba wa matengenezo ulioandikwa. Sanduku la kioo la kuvukiza maji, liacheni kwa nyumba moja isiyo na njia nyingine.

Kabla ya bei yoyote, pimeni maji. Kipimo cha mkononi cha TDS, yaani jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka majini, kinatosha kuanzia, ila pimeni mara nne: bamvua (siku za kujaa na kupwa kukubwa) maji yakijaa, bamvua yakipwa, maji mafu (siku za kujaa na kupwa kudogo), na mara ya nne mwishoni mwa kaskazi, Machi, kisima kikiwa kimechoka kabisa. Kipimo cha Juni baada ya masika kitawadanganya. Kiwango cha Afrika Mashariki KS EAS 12 kinataka maji yaliyosafishwa yasizidi miligramu 700 za chumvi kwa lita, na maji ya asili yasizidi 1,500. Kisima kikisoma 1,200 hamhitaji mashine hii. Mnahitaji klorini na kisima kilichofunikwa vizuri. Kikisoma kati ya 2,000 na 6,000, mko kwenye uwanja wa mashine ya kwanza. Maji ya bahari husoma karibu 35,000.

Baada ya TDS, pelekeni sampuli maabara ipimwe madini ya chuma, manganizi, ugumu wa maji, salfeti, naitreti na E. koli. Wauzaji wengi hawaulizi chuma, nacho ndicho huziba membreni mapema. Naitreti nayo ni ya kuangaliwa Malindi mjini na Lamu mjini, kwa kuwa mwamba wa matumbawe hupitisha maji ya vyoo vya shimo upesi sana. Kiwango ni miligramu 45 kwa lita. Mashine hupunguza naitreti vizuri, lakini maji ya kisima kilicho karibu na choo lazima yatiwe klorini baada ya kuchujwa, hata yakitoka meupe kama barafu.

Sasa mashine ya kwanza. Kwa kioski cha lita 5,000 kwa siku, yaani mitungi 250 ya lita 20, kutoka kisima cha miligramu 4,000, vipande vinavyotosha ni hivi: pampu ya kisima ya nguvu ya farasi moja, tangi la kwanza la lita 2,000, filta ya mchanga na changarawe, filta mbili za katriji za inchi 20 (ya mikroni 20 kisha ya mikroni 5), pampu ndogo ya kudondoshea dawa ya kuzuia ukoko wa chokaa kwa kiasi cha miligramu 2 hadi 5 kwa kila lita, pampu ya presha inayofanya kazi kwenye baa 12, na membreni 4 za inchi 4 kwa 40. Hutoa lita 1,000 kwa saa zikipokea lita 2,000. Nusu inayobaki hutoka na chumvi maradufu.

Umeme wake ni kilowati 2.1 hivi, pampu zote mbili zikifanya kazi. Kwa saa 5 za jua kali hiyo ni kama kilowati-saa 10 na nusu. Paneli hazitoi nguvu iliyoandikwa mgongoni: joto, vumbi la chumvi na hasara za nyaya hula robo. Kwa hiyo hesabu ya chini ni kilowati 2.8 za paneli, nasi tunasema wekeni 4. Masika hayahitaji hesabu nzito, maana jabia zikijaa wateja hupungua, lakini mawingu ya msimu wa kusi, Julai, huja wakati watu wanahitaji maji.

Betri kubwa hazina kazi hapa. Hifadhini maji, msihifadhi umeme: tangi la lita 10,000 juu ya mnara wa mita 3 huuza maji usiku kucha bila kuchajiwa. Betri ndogo ya kilowati-saa 5 inafaa kwa jambo moja tu, kuizuia pampu ya presha isizime na kuwaka kila wingu likipita. Kila kuzima kwa ghafla huirudisha presha nyuma na kuzichosha gundi za membreni. Muuzaji akisema mashine yake haihitaji betri hata kidogo, mwulizeni kidhibiti chake huanza kwa mwanga wa kiasi gani na husubiri dakika ngapi kabla ya kuwasha tena. Dakika 10 ni jibu zuri. Akishindwa kujibu, hiyo mashine si ya kisiwani.

Malindi, mahali penye umeme wa gridi, kuna njia ya tatu. Kanuni za 2024 za kuingiza umeme wa jua kwenye gridi zinampa mteja hesabu ya nusu ya uniti kwa kila uniti anayoipeleka. Hiyo nusu ndiyo inayoonyesha cha kufanya: uniti mkiitumia wenyewe saa sita mchana kutengeneza maji ina thamani mara mbili ya kuiuza. Tengenezeni maji mchana mpaka tangi lijae, ziada ndiyo iende. Kuzalisha umeme kwa matumizi yenu chini ya megawati 1 hakuhitaji leseni ya uzalishaji chini ya Sheria ya Kawi ya 2019, na hilo limewaondolea vioski mzigo mmoja mzito. Fundi wa kufunga paneli, hata hivyo, lazima awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli. Kanuni za 2012 ziliwagawa mafundi kwa daraja T1, T2 na T3, na mfumo wa kilowati 4 ni kazi ya T3. Dai nambari ya leseni iandikwe kwenye ankara. Kumbukeni pia kwamba leseni hiyo inapima ujuzi wa umeme. Haisemi chochote kuhusu membreni, na fundi hodari wa paneli anaweza kuiua membreni siku ya kwanza kwa kusafisha mabomba kwa klorini bila kuyasuuza.

Hapa ndipo sera ya ushuru inapoanza kuonekana ndani ya mashine yenyewe. Sheria ya Fedha ya 2020 iliondoa msamaha wa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kwa vifaa vya jua, na ile ya 2021 ikaurudisha. Msamaha unataja paneli, vidhibiti vya chaji, inveta na betri za kuhifadhia umeme wa jua. Membreni haimo. Pampu ya presha haimo, mitungi ya membreni haimo, kifaa cha kurejesha nguvu hakimo. Hivyo vinabeba asilimia 16. Matokeo ni kwamba muuzaji akitaka bei ishuke, humfaa zaidi kuongeza paneli kuliko kuweka pampu nzuri. Mnaletewa mashine yenye paneli nyingi za kupendeza macho na pampu inayokula umeme. Kwenye maji ya kisima hasara hiyo ni ndogo. Kwenye maji ya bahari ni kubwa mno.

Kuna dawa mbili ndogo. Kwanza, ankara ivunjwe mstari kwa mstari: paneli peke yake, inveta peke yake, betri peke yake. Ikiandikwa tu “mtambo wa maji wa jua, 1”, mnaweza kutozwa ushuru juu ya vitu vilivyosamehewa na msiwe na la kudai. Pili, wakati wa kulinganisha wauzaji, gawanyeni jumla ya kilowati-saa kwa mita za ujazo za maji. Mashine ya kisima cha miligramu 4,000 isizidi kilowati-saa 2 na nusu kwa mita ya ujazo, pampu ya kisima ikihesabiwa.

Mashine ya pili ni ya maji ya bahari. Inawezekana, na ushahidi uko Kaunti ya Lamu yenyewe: mtambo wa jua uliojengwa Kiunga 2018 na shirika la GivePower la Marekani ulitangazwa kuwa na uwezo wa kutoa hadi lita 75,000 kwa siku. Huo ni mkubwa kuliko tunaozungumzia, ulijengwa kwa fedha za wafadhili, na kamati ya kijiji haipaswi kuuchukua kama kipimo cha bei. Inachoweza kujifunza kwake ni kwamba jua la Kiunga linatosha kufanya kazi hii.

Tatizo la bahari ni presha. Chumvi ya miligramu 35,000 ina msukumo wake wa karibu baa 27, na pampu lazima iushinde kwanza ndipo maji yapite, kwa hiyo mashine hufanya kazi kwenye baa 55 hadi 60. Kati ya lita 100 zinazoingia, 30 tu hutoka zikiwa matamu. Zile 70 hutoka zikiwa bado na presha karibu yote. Mashine isiyo na kifaa cha kurejesha nguvu huitupa presha hiyo baharini. Kwa lita 5,000 kwa siku itataka kilowati-saa 38 hadi 40, yaani paneli za kilowati 10 na nusu kwa uchache. Yenye kifaa hicho itataka nusu yake, karibu kilowati-saa 20, na paneli za kilowati 7 zitatosha na kubaki. Kwa mashine ya namna hii membreni huwa 6, za aina ya bahari, na kila moja hugharimu takriban mara mbili ya ile ya kisima.

Angalieni chuma. Chuma cha pua cha 304 hutoboka kwa maji ya bahari baada ya muda mfupi. Cha 316L hufaa mabomba ya presha ndogo, na hata hicho hupata vitundu maji yakisimama ndani. Mabomba ya presha kubwa yanataka chuma cha pua cha dupleksi, nambari 2507. Muuzaji anayeandika “chuma cha pua” bila nambari anaficha kitu. Boliti za fremu za paneli nazo ziwe za 316, na kati ya alumini na chuma pawekwe wosha za plastiki, maana upepo wa Lamu hubeba chumvi hadi juu ya paa. Paneli zioshwe kwa maji matamu, kila wiki wakati wa kusi. Lita 20 zinatosha kwa paneli nane.

Mahali pa kuchukulia maji huamua maisha ya mashine kuliko chapa iliyobandikwa juu yake. Bomba lililotumbukizwa moja kwa moja baharini litavuta mchanga na mwani kila kusi inapochafua maji, na katriji za mikroni 5 zilizotakiwa kudumu mwezi zitaziba kwa siku mbili. Kisima cha ufukweni cha mita 6 hadi 10, chenye bomba la PVC lililochanwa na kuzungushiwa changarawe, hutoa maji ambayo mchanga umekwisha yachuja. Kinagharimu zaidi mwanzoni, lakini msikubali kingine ikiwa ufuo ni wa mchanga.

Na hapa pia pana sheria. Sheria ya Maji ya 2016 imeyaingiza maji ya bahari katika maana ya rasilimali ya maji, kwa hiyo kuyachukua ni jambo la Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, sawa na kuchimba kisima. Ombeni idhini kabla ya kuchimba. Matuta ya mchanga ya Shela yasiguswe kabisa: ndiyo yanayohifadhi maji baridi ya mji wa Lamu, na tabaka lile la maji matamu limeelea juu ya maji ya chumvi. Kanuni ya kipimo chake ni kali: kila sentimita moja mnayoshusha usawa wa maji baridi huweza kuiinua chumvi kwa karibu sentimita 40 kutoka chini. Kwa sababu hiyo hiyo, kisima chochote cha mashine kifanyiwe jaribio la kuvuta kwa saa 24 mfululizo huku TDS ikiandikwa kila saa. Ikipanda bila kutulia, punguzeni kasi ya kuvuta au tafuteni mahali pengine, na chagueni pampu inayoweza kufika baa 20 hata kama leo mnahitaji 12.

Maji yaliyobaki na chumvi kali ndiyo yanayokwamisha miradi midogo kuliko jambo lingine lolote. Kanuni za Ubora wa Maji za 2006, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira, ziliweka kikomo cha miligramu 1,200 za chumvi kwa lita kwa maji yanayomwagwa kwenye mazingira. Kikomo hicho kina maana kamili mtoni. Pwani kinaleta jambo la ajabu: maji ya bahari yenyewe yanakizidi karibu mara 30, na hata maji ya kisima kabla hayajaingia kwenye mashine yamekwisha kukipita. Afisa wa NEMA, mamlaka ya mazingira, akisoma mstari huo peke yake, hana njia ya kuwapitisha. Sisi tunaona kikomo kwa mashine za pwani kingepimwa kwa tofauti kati ya maji yanayomwagwa na bahari inayoyapokea, tena kwa umbali fulani kutoka mdomo wa bomba. Mpaka sheria iseme hivyo wazi, pelekeni ombi lenye vipimo. Pimeni chumvi ya bahari pale mnapotaka kumwaga, bamvua na maji mafu. Mashine ya kisima cha 4,000 inamwaga maji ya 8,000, yasiyofika hata robo ya chumvi ya bahari. Mashine ya bahari inamwaga 50,000 ndani ya 35,000. Hizo ni hali mbili tofauti kabisa na ombi liziseme hivyo.

Mahali pa kumwaga pawe mkondo wenye maji yanayokwenda, kamwe pasiwe kwenye mikoko wala kidimbwi cha mwambani ambacho maji hukipwea. Shimo la kunyonya karibu na kisima ni kosa la kawaida. Matumbawe huyarudisha maji yale yale kisimani, na baada ya miezi michache mashine inachuja mabaki yake yenyewe. Maji ya kusafishia membreni, yenye asidi au magadi, yasawazishwe kwanza mpaka pH iwe kati ya 6.5 na 8.5. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga au ya Malindi, bomba la kuingiza au la kutoa linahitaji pia kauli ya KWS, shirika la wanyamapori. Na kwa Lamu mjini, mji wa urithi wa dunia tangu 2001, paneli juu ya paa za mji wa kale ni suala la Makumbusho ya Taifa. Wekeni paneli nje ya eneo hilo na mvute waya, mtaokoa muda.

Kwa jumla, kioski kimoja cha lita 5,000 hukutana na WRA kwa chanzo, NEMA kwa mabaki, kaunti kwa huduma na afya, na EPRA kupitia fundi. Katiba ya 2010 imegawa hivyo: rasilimali ni ya taifa, huduma ya maji ni ya kaunti. Mgawo wenyewe hatuulaumu. Kinachoumiza ni kwamba mashine ya kijiji hutembea njia ile ile ya mtambo wa mji, wakati gharama ya safari za afisini ni sehemu kubwa zaidi ya bajeti yake. Anzeni na kaunti na kampuni ya maji yenye leseni ya eneo lenu, LAWASCO kwa Lamu au MAWASCO kwa Malindi, muandikiane makubaliano ya kuendesha. Makubaliano hayo ndiyo yanayowapa mguu wa kusimamia huduma mbele ya Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji, na yana faida nyingine ya kodi ambayo wengi hawaijui. Chini ya Sheria ya VAT, maji ya kawaida, si ya chupa, hayaongezwi kodi yakiuzwa na serikali, kaunti au mtu aliyeidhinishwa na waziri wa maji. Kioski kidogo kinachouza mitungi 250 kwa shilingi 10 hakifiki mauzo ya milioni 5 kwa mwaka yanayolazimu kujisajili kwa VAT, kwa hiyo hakitozi. Lakini kwa kuwa hakijasajiliwa, hakiwezi kudai ile asilimia 16 kilichoilipa kwenye membreni. Mzigo unakaa kwa mteja wa mtungi.

Uzeni maji kwenye mtungi wa mteja mwenyewe. Mkianza kufunga chupa zenye jina, mnaingia kwenye alama ya ubora ya KEBS (shirika la viwango), ushuru wa bidhaa unaozidi shilingi 6 kwa lita, na stempu za KRA (mamlaka ya mapato) kwa kila chupa. Nyumba za wageni za Shela huvutiwa na wazo la chupa zao wenyewe. Kwa kiwango hiki cha uzalishaji, hesabu haikubali.

Mpango wa KOSAP, wa umeme wa jua kwa kaunti 14 zilizosahaulika, Lamu na Kilifi zikiwemo, ulitia ndani pampu za jua za visima vya jamii. Ni jambo jema mahali penye maji matamu chini. Pwani yetu pampu peke yake huyaleta maji ya chumvi juu kwa haraka zaidi. Kamati yenye pampu ya namna hiyo imekwisha pata theluthi ya mashine, na kinachokosekana ni filta, pampu ya presha na membreni. Miradi ya taifa ingeongeza mstari huo mmoja kwenye vipimo vyake, gharama ingekuwa ndogo kuliko kujenga upya.

Sanduku la kioo la kuvukiza kwa jua linatoa lita 3 hadi 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Mtungi mmoja unataka mita 5 za kioo. Halitumii umeme wala membreni na maji yake ni safi, lakini kioo huvunjika njiani kwenye boti na gundi huchoka kwa joto. Kwa mlinzi wa kambi ya Kiwayu, sawa. Kwa kijiji, hapana.

Yanayoharibika, kwa utaratibu wa uharaka. Klorini: membreni haivumilii hata miligramu 0.1 kwa lita. Mtu akitia dawa ya maji kisimani kwa nia njema, membreni zote zinaharibika na hazirudi. Wekeni kibao kisimani. Klorini itiwe mwishoni, kwenye tangi la maji matamu, ibaki miligramu 0.2 hadi 0.5. Kulala bila kazi: masika jabia zikijaa na mauzo yakianguka, mashine husimama na vijidudu hujenga utando juu ya membreni. Ikisimama zaidi ya siku mbili, isuuzeni kwa maji matamu. Ikizidi wiki, ijazeni maji yenye kilo 1 ya metabaisalfaiti ya sodiamu kwa lita 100, mfunge vali zote, na kabla ya kuuza tena mwage maji ya saa ya kwanza. Ukoko wa chokaa: dawa ikiisha na mashine ikaendelea, presha hupanda na maji hupungua. Maji yakipungua kwa asilimia 10 hadi 15, safisheni kwa asidi ya sitriki ya asilimia 2. Utelezi wa vijidudu husafishwa kwa magadi, pH 11 hadi 12, na magadi hutangulia asidi pale vyote viwili vinaposhukiwa. Mkisubiri maji yapungue nusu, kusafisha hakutasaidia tena.

Msimamizi aandike kila asubuhi na kila jioni: presha kabla ya katriji na baada yake, presha kabla ya membreni na baada yake, lita kwa dakika za maji matamu na za mabaki, TDS ya yote mawili, na joto la maji. Joto lisisahauliwe, maana kila nyuzi moja hubadili kiasi cha maji kwa karibu asilimia 3, na mtu anaweza kudhani membreni imeziba kumbe maji yamepoa tu. TDS ya maji matamu ikianza 80 na kufika 200 kwa ghafla, ni mpira wa kuzibia uliotoka mahali pake. Ikipanda polepole kwa miezi, ni membreni inayochakaa.

Fedha za membreni ziwekwe kando tangu mtungi wa kwanza. Membreni 4 za kisima, kwa takriban shilingi 35,000 kila moja, ni shilingi 140,000 kila miaka 3 hivi. Mkiuza nusu tu ya uwezo kwa siku 300, ni mitungi 37,500 kwa mwaka, na shilingi 1.25 ya kila mtungi inatosha. Tengeni 2, zibebe na katriji na dawa. Akaunti iwe tofauti na ya mishahara, yenye sahihi tatu.

Kwenye mkataba wa kununua, shikilieni haya: muuzaji alete pamoja na mashine katriji za mwaka mzima, membreni 1 ya akiba, seti 2 za mipira ya kuzibia, seti ya vipuri vya pampu ya presha na kilo 25 za dawa ya kuzuia ukoko. Afunze watu wawili wa hapo hapo kubadilisha membreni kwa mikono yao wakati yeye anatazama. Asilimia 15 ya bei ibaki mkononi mwenu mpaka mashine ipite kaskazi moja nzima ikitoa lita alizoahidi kwa TDS isiyozidi 700. Na kwa kuwa ushuru wa vifaa vya jua umewahi kubadilika mara mbili kwa sheria za fedha za miaka miwili mfululizo, kifungu kimoja kiseme wazi: ushuru ukipanda kati ya siku ya kutia sahihi na siku mzigo unapotoka bandari ya Mombasa, nani ataulipa, na ukishuka, nani atarudishiwa.